Taa nyeupe za LED kwa matao ya sikukuu: "nyeupe ni nyeupe" iliniponza

Kwa waliochelewa kuingia: mleta uzi anakaa Raskazone hapa Tanga, bahari anaisikia akiwa kitandani. Ameshatengeneza matao sita ya bomba la plastiki ya kupanga kutoka getini mpaka barazani kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, kila bomba mita 6. Sasa anataka kuyavisha taa nyeupe za LED, anauliza achague zipi. Mdau mmoja hapo juu kamjibu kwa mstari mmoja: "Nyeupe ni nyeupe, chukua ya bei ndogo."

Mkuu, na mimi nilikuwa na imani hiyohiyo. Ngoja nieleze ilivyonifanya.

Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai, niko Ngamiani. Matao yalikuja kama nyongeza tu. Bibi harusi mmoja aliomba apite chini ya kitu kinachowaka, nikajaribu, watu wakapenda. Tangu hapo Mfungo Sita nina kazi za Maulidi, Desemba nina kazi za Krismasi, na katikati maharusi hayaishi. Kwa hiyo taa zangu hazilali kabatini mwaka mzima zikisubiri siku moja. Zinafungwa, zinafunguliwa, zinabebwa kwenye guta, zinanyeshewa. Kosa la taa ambalo kwako litachukua miaka mitatu kujitokeza, kwangu linajitokeza ndani ya miezi mitatu.

Maulidi yangu ya kwanza nilipewa kiwanja cha madrasa, matao saba. Taa za matao manne nilizichukua Kariakoo. Hela ikakata. Wiki mbili baadaye nikamalizia matatu kwenye duka moja hapahapa mjini. Boksi lilelile, picha ileile ya nyumba iliyofunikwa na theluji, maandishi yaleyale. Nimefunga mchana jua linawaka, yote naona sawa. Magharibi imeingia, nikawasha. Manne yanawaka kama samli iliyoyeyuka, matatu yanawaka kama korido ya zahanati. Na wala sikuwa nimeyapanga kwa makundi, yalikuwa yamechanganyika: samli, zahanati, samli, samli, zahanati. Mwalimu wa madrasa akaja akasimama ubavuni kwangu, mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mashallah, fundi. Ila zile tatu naona zimepauka. Zinaumwa?" Watoto wa kaswida wameshapanga mistari, wageni wanaingia. Nikacheka tu, cheko la mtu aliyekwisha kulipwa nusu.

Baadaye ndiyo nikaanza kusoma na kuulizia. Kumbe LED nyeupe haizaliwi nyeupe. Ndani ya kile kijibalbu kuna chipu inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake wamepaka unga wa njano unaoitwa fosfori. Buluu nyingine inapenya, nyingine inamezwa na ule unga na kutoka ikiwa njano, vikikutana jichoni unaona weupe. Hiyo chipu ya buluu ndiyo iliyokuwa ngumu kupatikana. Wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake. Unga ukipakwa mzito mwanga unaelekea njano, ukipakwa mwepesi unaelekea buluu. Kiwanda kikibadilisha mpako kidogo tu kati ya mzigo wa mwezi huu na wa mwezi ujao, weupe umeshabadilika, lakini boksi linabaki na picha yake ya theluji.

Weupe huo una kipimo, kelvini, ile K unayoiona baada ya namba. Kuanzia 2700 hadi 3000 ndiyo samli. 4000 iko katikati. 6000 na kuendelea ndiyo zahanati. Namba ikipanda, mwanga unazidi kuwa wa buluu. Tatizo, taa nyingi za mapambo zinazofika kwetu hazina namba hiyo kabisa, na hata zikiwa nayo, 3000 ya kiwanda hiki inaweza kuwa na uwekundu kidogo na ya kile ikawa na ukijani. Kwenye balbu moja ya sebuleni hutajua. Kwenye matao sita yaliyosimama mstari mmoja, hata mpita njia atajua.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kuuliza bei, piga hesabu ya taa zote unazohitaji, ongeza mbili za akiba, kisha zinunue siku moja kutoka kwenye katoni moja. Akiba hizo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mwakani hutapata tena weupe ule. Na usinunue kwa kuangalia boksi. Mwambie muuzaji afungue mbili, azichomeke pamoja. Mchana dukani huwezi kuona tofauti, ndiyo maana mimi huenda na kanga ya mke wangu. Najifunika gubigubi pale kaunta, mimi na taa mbili, watu wanacheka, mimi natazama. Na picha ya WhatsApp usiiamini hata kidogo, kamera ya simu inajirekebishia weupe yenyewe, zahanati ikaja imegeuzwa samli.

Samli au zahanati, upi bora? Hapa ni mapenzi ya mtu, ila kwa tao ambalo watu wanapita chini yake mimi nasema samli. Ule weupe wa buluu unaipendeza kanzu lakini unaionea sura. Mtu mweusi anatoka kwenye picha kama amepakwa majivu. Kama roho yako iko kwenye ule wa barafu, upeleke kwenye mti au ukuta wa mbali, si juu ya vichwa vya wageni.

Sasa taa ngapi. Bomba la mita 6 ukilikunja nusu duara kamili linakupa upana wa mita 3.8 na kimo cha mita 1.9 hivi, mtu mrefu atainama. Ukizibana ncha zake mbili mpaka upana wa mita 2.5, tao linanyanyuka karibu mita 2.5, linapendeza zaidi. Taa za kawaida ni balbu 100 kwenye mita 10, yaani balbu moja kila sentimita 10. Ukiulaza waya tu juu ya bomba, mapengo yataonekana kama meno ya mtoto. Usiulaze, uzungushe. Kwenye bomba la milimita 20, ukizungusha kila sentimita 5 mzunguko mmoja, waya wa mita 10 unamalizika karibu kabisa na mwisho wa bomba la mita 6, na balbu zinakaribiana mpaka sentimita 6. Hapo tao moja limekula boksi moja. Lakini nusu ya balbu zinaangalia nyuma na juu, kwa hiyo mimi huweka mbili kwa tao, ya pili ikipita katikati ya mizunguko ya kwanza. Matao sita, taa kumi na mbili, na akiba mbili. Kumi na nne.

Tazama pia kichwa cha balbu. Ile yenye kichwa cha mviringo kama risasi inarusha mwanga mbele tu, ukisimama ubavuni huioni. Tafuta yenye kichwa kilichobonyea kwa ndani, kama kitovu, hiyo inatawanya mwanga pande zote. Mtu anayetembea chini ya tao anaona balbu kwa pembe zote, kwa hiyo jambo hili lina uzito kuliko idadi. Waya uwe mweupe kama bomba lako ni jeupe, maana mchana nalo lipo na linaonekana. Ule wa kijani ni wa kwenye miti.

Kitu kingine ni kumetameta. Sisemi kule kwa makusudi. Umeme wetu unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na LED inapitisha upande mmoja tu. Taa ya bei ndogo inayochomekwa moja kwa moja inawaka nusu ya muda na kuzima nusu, mara 50 kwa sekunde. Jicho linalitafuna hilo kwa shida, watu wengine kichwa kinawauma bila kujua kwa nini. Zilizotengenezwa vizuri kidogo zina daraja la dayodi nne, linalotumia kwenda na kurudi kote kwa umeme, na zinawaka mara 100. Zenye adapta nzuri hazimeti kabisa. Jaribu hapohapo dukani: punga mkono haraka mbele ya taa. Ukiona vidole vingi vilivyokatika vipandevipande, iache. Siku hizi hakuna mgeni asiyerekodi video, na taa ya aina hiyo inatoka kwenye simu na mistari inayotembea.

Na kile kiboksi cha kubadilisha mitindo minane ya kuwaka! Hicho kina kisa chake. Harusi moja Chumbageni, matao sita, kila tao na kiboksi chake, nimeziweka zote kwenye kuwaka tu bila mbwembwe. Umeme ukakatika dakika mbili, ukarudi. Viboksi vyote vikasahau nilichoviambia na kuanza upya kwenye mtindo wa kwanza, kila kimoja kwa mwendo wake. Maharusi ndio wanaingia. Ilikuwa disko ya wendawazimu. Nimekimbia tao kwa tao nikibonyeza vitufe, mara saba saba, na ukibonyeza moja zaidi unarudi mwanzo. Sasa nanunua zisizo na kiboksi, au zenye kinachokumbuka mtindo wa mwisho. Kukijaribu ni rahisi: chagua mtindo, chomoa, chomeka tena.

Yote hayo ni ya kupendeza macho. Kwa mtu wa Raskazone kuna jambo kubwa zaidi, chumvi.

Niliwahi kuletewa tao kutoka huko kwenu, limekaa nje msimu mmoja, nusu imezima. Mwenyewe anasema balbu zimeungua. Nikakata kale kampira kanakoshika balbu kwenye waya. Balbu nzima, haina kosa. Mguu wake mmoja ndio haupo. Pale ulipokuwa kuna kutu ya kahawia, na kwenye ncha ya waya umeota unga wa kijani, ukiugusa unabaki kidoleni kama podari. Nikafungua nyingine, hivyohivyo. Unyevu wa chumvi ukiingia penye umeme wa upande mmoja, mguu wa chanya unaliwa kwanza, polepole, kila usiku unapowasha. Na kwa sababu balbu zinafuatana kwenye mafungu, mguu mmoja ukikatika fungu zima linalala. Desemba ndiyo kaskazi inashika, inaleta unyunyu mpaka kwenye vioo vya dirisha. Matao yako yatakaa katikati ya hilo wiki tatu au nne.

Kwa hiyo acha zile za balbu za kuchomoa. Chukua ambazo balbu na waya vimeunganishwa kwa plastiki moja, hakuna mwanya. Kwenye boksi tafuta herufi IP, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. IP44 inavumilia maji ya kurukiwa, IP65 inavumilia ya kupigwa kwa bomba, IP67 hata kuzamishwa kwa muda. Namba hizo zilipimwa kwa maji ya kawaida, si upepo wa bahari, na mara nyingi zinahusu waya na balbu tu. Plagi na kiboksi havimo. Viboksi vyangu vinakaa ndani ya dumu la mafuta ya kula la lita 5 lililokatwa na kupinduliwa mdomo chini, waya ukiingilia kwa chini. Si kitu cha kupendeza lakini mvua za vuli hazijawahi kukiingia.

Waya nao upime. Nenda na sumaku ndogo ya spika mbovu. Ikinata kwenye waya, ndani kuna chuma, na chuma na Tanga havipatani. Isiponata, kwaruza ncha kwa kisu: ikibaki nyekundu ni shaba, ikigeuka ya fedha ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hii ya mwisho inakatika ukiikunja mara nyingi, na matao ni kukunja na kukunjua. Waya wa kung'aa unaopitisha macho una faida moja, unaona ukijani ukitambaa kabla balbu haijazima, ila juani unageuka njano.

Kama una muda, nunua moja kwanza, mwombe muuzaji akuwekee katoni kwa siku tatu. Iloweke usiku kucha kwenye ndoo ya maji yenye kiganja cha chumvi, ikiwa inawaka, adapta ikiwa mbali na juu ya meza. Ikiamka inawaka, kesho kafuate katoni. Nasisitiza, hilo ni kwa taa za adapta peke yake. Taa ya kuchomeka moja kwa moja usiiweke kwenye ndoo, na tukishafika hapo, kwa nyumba yenye watoto usiiweke kwenye tao kabisa. Umeme wa 230 unapita kwenye waya mwembamba kuliko mti wa kiberiti, umezungushiwa bomba ambalo kila mtoto atalishika akiwa pekupeku kwenye nyasi mbichi. Mimi mwenyewe nilishika tao baada ya manyunyu, nikapigwa mpaka kofia ikaanguka. Toka siku hiyo nje natumia za adapta ya volti 24 au 31 tu. Bei inapanda, sibishi.

Adapta ikae ndani au barazani penye paa. Usiunge taa zote kumi na mbili kwenye mkia mmoja. Kadiri waya unavyorefuka volti zinapotea njiani, tao la mwisho litawaka kwa huzuni. Boksi huandika ziungwe ngapi, liheshimu. Kwako adapta mbili, moja kwa matao matatu ya getini na nyingine kwa matatu ya barazani, au zaidi kama boksi linavyotaka. Kwenye viungio nafuta chumvi kwa kitambaa, napaka mafuta ya mgando kidogo, ndipo nafunga teipu. Plagi yenu ya pini tatu ifungue uone fyuzi. Mara nyingi wameweka ya ampea 13, weka ya 3. Na kama kwenye bodi ya umeme hamna RCD ya miliampea 30, ile swichi inayokata umeme ukivuja, fundi aiweke, si kwa ajili ya taa hizi tu.

LUKU isikutishe. Taa moja ya balbu 100 inakula wati 6 hivi, kumi na mbili ni 72. Ukiwasha saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku ni uniti 0.36, mwezi mzima haifiki uniti 11. Zile za zamani za balbu za nyuzi zilikula wati 40 kila moja, hapo ungechoma zaidi ya uniti 70 kwa mwezi uleule.

Kuna mdau kapendekeza taa za sola: nimezijaribu. Kibetri chake ni kidogo, siku ya mawingu zinazimika wageni wakiwa bado wanakula. Na utepe wa LED wa kubandika, gundi yake inaachia kwa joto la Tanga kabla ya saa tisa mchana, utaukuta unaning'inia.

Kufungia, tumia kebo tai nyeusi. Nyeupe zinapendeza ila jua linazivunja. Kusimamisha, kata nondo vipande vya sentimita 90, piga 45 ardhini, bomba lichomekwe kwa juu. Kama kwenu ni mchanga mtupu, ongeza urefu. Mwaka Mpya ukipita, futa taa kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba kutoa chumvi, zikauke kivulini, zizungushe kwenye kipande cha boksi, weka kwenye ndoo yenye kifuniko. Sijui za kwenu, ila panya wa Ngamiani wanapenda waya kuliko ugali.

Mdau ataniuliza zile tatu za zahanati ziliishia wapi. Ninazo. Nimezifunga darini kwenye stoo ya viti, nikirudi usiku kutoka kwenye shughuli naziwasha kuhesabu na kukagua. Kiti kilichopasuka mguu hakijifichi chini ya mwanga ule.